Ufito Uliopelekwa Chanika

Kwanza liondoke hili: Marijani hakuubadilisha ule ufito wa kuvulia samaki. Hakuuza mzuri Manzese akapeleka Chanika mbovu, kama inavyosemwa bombani na kwenye misiba, na kama ilivyofika hata Kawe kwa watu wasiomjua Marijani kwa sura. Siku uliponunuliwa hakuwapo. Siku alipoubeba ulikuwa umefungwa karatasi ya maua na utepe mwekundu, na utepe ule hakuufunga yeye. Wanaosimulia habari hiyo huisimulia kwa kumhurumia Mwalimu Demetria, mjane wa marehemu Audax, kwamba jirani alimtapeli mjane. Mwalimu Demetria hakutapeliwa na mtu. Habari yenyewe ndiyo hii, na itasemwa mara moja tu.

Demetria alizaliwa Kamachumu, akasomeshwa na masista mpaka akapata ualimu, akaja Dar es Salaam mwaka wa sitini na tisa na mtoto mmoja mgongoni na mume aliyeajiriwa wizarani. Walijenga Kinondoni, chumba kwa chumba, kila chumba kikisubiri saruji ya mwaka uliofuata. Alifundisha Kiingereza na jiografia, na alikuwa mwalimu ambaye daftari la mwanafunzi likiwa na doa la mafuta alilishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota kitu njiani. Alifuta vumbi kwenye picha ya harusi yake kila Jumamosi. Audax alipofariki mwaka wa themanini na tisa, watu walitazamia nyumba itayumba. Haikuyumba. Hakuna jirani aliyemwona Demetria akiazima chumvi wala kiberiti, na yeye mwenyewe alilijua hilo na alipenda lijulikane.

Jirani wa ukuta mmoja alikuwa Marijani. Huyu ni mtu wa Dar kwa baba na kwa babu, aliyefanya kazi bandarini mpaka akastaafu, mwenye kanzu nyeupe mbili, moja ikiwa mwilini nyingine ikiwa kambani. Maneno yake yalinyooka kama kanzu zake. Mtu wa mtaa ule akitaka kuposa, awe Mwislamu au Mkristo, wa pwani au wa bara, alimtuma Marijani awe mshenga. Posa aliyoipeleka yeye haikuwahi kurudi. Na kwenye msiba wa Audax ndiye aliyetafuta mabenchi, ndiye aliyehangaikia sanduku, na siku ya misa alikaa nje ya kanisa juani mpaka ilipomalizika, ndipo akasaidia kubeba. Tangu siku hiyo alimwita Demetria shemeji, naye Demetria akamwita hivyo hivyo.

Basi mwaka wa tisini na nne, Kasiani, yule mtoto aliyekuja mgongoni, sasa karani wa benki, akasema amepata mchumba. Binti aliitwa Lusungu, muuguzi. Baba yake, Mzee Gibson, asili yake Kyela, alikuwa amestaafu na kuhamia Chanika, akalima mihogo na kuchimba bwawa la samaki. Barua ya posa ikaandikwa kwa mwandiko wa Demetria, ikapelekwa na Marijani.

Alirudi saa tisa mchana, amejaa vumbi mpaka kwenye kope, akacheka kabla hajakaa.

"Shemeji, nimepokewa. Nimelishwa mpaka nikaona haya. Mahari haina ugomvi, mabibi wana mablanketi yao na vitenge vyao, kama kawaida. Ila lile koti la baba mkwe, mzee hataki."

"Hataki koti? Koti letu lina nini?"

"Halina kitu. Anasema koti la kuvaa Chanika kwa jua lile ni adhabu. Anataka ufito wa kuvulia samaki. Ule wa kisasa, wenye mashine ya kuzungushia mshipi."

Demetria alimtazama kuona kama ni mzaha. Marijani akaeleza. Ujanani Mzee Gibson alikuwa mpishi wa mzungu mmoja kule Mbeya, mtu wa kuvua kwenye mito ya milimani. Kwa miaka sita Gibson alimbebea mfuko, akamchimbia chambo, akamtolea samaki kwenye ndoana, akawaosha samaki hao na kuwakaanga. Kuurusha ule ufito hakuruhusiwa hata siku moja. Mzungu akaondoka nao kwao. Sasa mzee ana bwawa lake mwenyewe, na humo huvua kwa mwanzi na uzi kama watoto. Alisema anataka naye aushike, wa kwake, wa kwanza, kabla macho hayajafifia.

"Ni ombi la heshima, shemeji," Marijani alisema. "Mtu hamwambii kila mtu jambo kama lile. Sasa sikiliza. Bwawa lenyewe dogo, ukirusha chungwa linafika ng'ambo. Samaki wake ni perege wa kujaa kiganja. Ufito wa pale uwe mwembamba, mwepesi, wa kupinda ukikohoa. Twende wote tukauchague. Mie nimeshika mshipi kabla sijashika kalamu."

Alisema kwa wema, lakini neno la kalamu lilimkaa Demetria vibaya.

"Na mie nilianza na kalamu, shemeji, na imenifikisha. Vitu hivi huja na maandishi. Nitasoma kwenye boksi."

"Boksi haliandiki kila kitu."

"Litaandika ya kunitosha."

Marijani akanyanyua mikono, akacheka, akaenda zake kuoga.

Duka lilikuwa mtaa wa nyuma kule Kariakoo, mbele vipuri vya baiskeli, ndani vifaa vya uvuvi. Mwenyewe aliitwa Khalfani, mtu wa makamo mwenye tumbo na miwani iliyoungwa kwa uzi. Alimsalimu Demetria shikamoo, akafuta kiti kwa kiganja.

"Mzee anavulia wapi, mama? Maji chumvi au maji baridi?"

"Baridi. Bwawani."

"Samaki gani?"

"Perege."

"Amewahi kutumia wa mashine?"

"Huu ndio wa kwanza."

"Basi kazi nyepesi," Khalfani alisema, akaingia nyuma, akarudi na ufito wa rangi ya asali, vipande viwili vinavyochomekana. Mashine yake ilikuwa ndogo, ya kujaa ngumi tu. Akavichomeka, akampa mshikio. "Shika hapo. Ncha iguse dari. Sasa sukuma, taratibu, usiogope. Umeona? Unapinda kuanzia kileleni mpaka katikati, halafu unarudi mwenyewe. Perege akionja chambo, mkono wako unajua. Sasa zungusha."

Demetria akazungusha. Ilikwenda kimya, kama cherehani iliyotiwa mafuta jana.

"Mashine inaning'inia chini ya ufito, siyo juu," Khalfani aliendelea. "Mgeni huigeuza, akazungusha kinyumenyume mpaka kiwiko kinamuuma. Mwambie mzee. Na mshipi huu mwembamba, samaki hauoni. Huu ndio ufito wa mtu anayeanza. Hauchoshi, hausumbui, unasamehe makosa."

Demetria alikuwa ameshaona mikwaruzo kwenye mshikio, na mahali ambapo gome lake laini lilikuwa limeliwa na mkono wa mtu mwingine.

"Huu umetumika."

"Kidogo. Ulikuja kwenye kontena, na vyombo vya—"

"Mtumba."

"Mwalimu," Khalfani alisema, maana alikuwa ameshamjua kwa sauti, "siku hizi nani havai mtumba? Mpaka suti za wabunge."

"Mie sivai. Na kwa mkwe sipeleki."

Akauliza kama upo mwembamba kama ule lakini mpya. Khalfani akasema labda baada ya mwezi, mzigo ukija. Kikao cha Chanika kilikuwa Jumamosi. Hapo jicho la Demetria likapanda ukutani.

Lilikuwa boksi refu, limefungwa nailoni isiyo na mkunjo, lina picha ya samaki anaruka kutoka majini. Ndani yake ufito mweusi wenye pete za rangi ya dhahabu, mnene kwenye mshikio kama mpini wa jembe, na mashine kubwa kama kifuu cha nazi. Akaomba uteremshwe. Akavaa miwani, akasoma. Boksi lilisema, kwa Kiingereza safi, kwamba kitu kile ni imara, kizito, cha samaki wakubwa. Maneno hayo yalimpendeza kama ripoti ya mwanafunzi wa kwanza.

"Huo wa baharini, mama," Khalfani alisema. "Wa nguru, wa papa. Bwawani ni sawa na kunywa uji kwa beleshi."

"Kikubwa kinashindwaje kufanya kazi ya kidogo?"

"Kwenye samaki kinashindwa, wallahi."

Mtu akitaka kumtetea Demetria anaweza kusema jambo moja. Watu wa rika lake hawakupata nafasi ya kuchagua. Kwa miaka kumi na zaidi walipanga foleni kwenye duka la kaya, na kilichoteremshwa ndicho walichochukua: sabuni ikiwa sabuni, viatu vya mguu mmoja mkubwa mmoja mdogo vikiwa ndivyo. Kisha ikaja ruksa ya biashara, maduka yakajaa, na wao wakasimama mbele ya rafu wakiwa hawana kipimo kingine isipokuwa upya, ukubwa na nailoni. Hilo ni kweli. Lakini si kweli tupu, maana Demetria aliambiwa na watu wawili wanaojua, mmoja nyumbani na mmoja dukani, na aliwaelewa wote wawili. Aliogopa kitu kimoja tu: shangazi wa Lusungu kule Chanika kukuta mkwaruzo.

Akaununua mweusi. Jioni ile akaufunga karatasi ya maua na utepe. Jumamosi asubuhi Marijani alipokuja kuuchukua, aliupima kwa mikono.

"Mzito, shemeji. Ndio ule mwembamba?"

"Unafaa," Demetria alisema.

Akautia begani.

Chanika walipokewa chini ya turubai. Upande wa Kinondoni walikuwa Marijani, Demetria, na wifi yake Avelina, dada wa marehemu Audax. Upande wa pili alikuwapo Mzee Gibson, mtu mfupi mkimya mwenye shati lililofungwa mpaka kifungo cha juu, na dada yake Atuganile, ambaye ndiye aliyeendesha kikao. Vitenge vilikaguliwa, mablanketi yakakunjuliwa na kunuswa, vigelegele vikapigwa. Kikaja kifurushi kirefu. Atuganile alipotaka kukata utepe, Mzee Gibson akasema, "Ngojeni." Akaenda kwenye ndoo, akanawa mikono kwa sabuni, akaifuta kwenye taulo, ndipo akarudi kufungua mwenyewe.

Akaushika, akaweka ncha kwenye nguzo ya turubai na kusukuma, vile vile kama Khalfani alivyomwelekeza Demetria dukani. Ncha haikupinda. Akasukuma tena. Nguzo ndiyo iliyosogea.

"Wazuri," alisema kwa adabu. "Twendeni bwawani."

Wakaenda wote, wageni na wenyeji, na majirani waliokuwa wakichungulia. Akachomeka nyungunyungu kwenye ndoana, akaurudisha ufito nyuma ya bega kama alivyomwona mzungu wake akifanya miaka sita, akarusha. Nyungunyungu akaanguka karibu na kiatu chake. Watu wakasubiri. Akarusha tena, akaanguka pale pale. Mshipi ulikuwa mnene kama uzi wa viatu na haukutaka kutoka kwa kitu chepesi kama kile. Akafunga chubwi la risasi ili kuongeza uzito. Akarusha kwa nguvu, na chubwi likapita juu ya bwawa lote, likaenda kutua kwenye matembele ng'ambo. Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata. Mara ya nne likaingia majini kwa kishindo, na perege waliokuwa wakionekana juu wakazama wote kwa pamoja.

Mzee Gibson akazungusha mpaka mshipi ukaisha. Akauweka ufito kwenye majani, taratibu, kama kitu cha mtu.

"Huu ni wa baharini," alisema.

"Kwani Lusungu anaolewa na baharia?" Atuganile akauliza, na kicheko kikapanda. Kisha yeye akaacha kucheka. "Hapana, wakwe, hili tulizungumze. Kaka yangu hakuomba gari. Hakuomba koti. Kaomba kitu kimoja cha moyoni, na akasema cha bwawani. Au nyie wa mjini mmeona sie wa mashamba hatujui? Mtu akikaa Chanika basi apelekewe chochote kilichokosa mnunuzi? Nani kachagua hiki?"

Marijani alikuwa ameinamisha kichwa, kama inavyompasa mshenga, akimwachia mwenye neno alitoe. Avelina alimtazama Demetria. Mzee Gibson hakumtazama mtu, alikuwa anatazama maji.

Demetria alijua jibu lina maneno mawili tu. Alijua pia kwamba yakitoka, kuanzia siku ile atakuwa yule mwalimu aliyesoma boksi. Aliiona picha ya Audax ukutani, aliiona nyumba isiyoazima chumvi. Akasema:

"Vitu vyote tulimwachia mshenga."

Sauti ilitoka safi, ya darasani. Haikutetemeka, na mpaka leo hilo ndilo linalomuumiza kuliko maneno yenyewe.

Marijani akainua kichwa, akamtazama. Si kwa muda mrefu. Kisha akawageukia wenyeji, akakunja mikono mbele ya kanzu.

"Wazee wangu," alisema, "mzigo huu nimeubeba mie begani kutoka Kinondoni mpaka hapa. Kosa ni langu. Nitozeni."

Wakamtoza kreti mbili za soda, kama ilivyo desturi mshenga akikosea, na wakasema posa inaendelea, lakini mkija tena mje na mshenga mwingine. Duka lilikuwa mbali kidogo, nyuma ya mihogo. Marijani alikwenda na kurudi mara mbili, kreti moja moja, kanzu ameishikilia kwa mkono mmoja isikanyagwe. Akawagawia watu wote. Demetria alipewa ya chungwa. Aliinywa yote.

Wakarudi Kinondoni. Mlangoni Marijani akasema, "Haya, watoto wataoana, ndilo kubwa," akaingia kwake.

Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa aibu ya siku moja. Demetria aliiongeza kwa mkono wake. Jumatatu alirudi kwa Khalfani, akanunua ule wa rangi ya asali pamoja na mikwaruzo yake. Khalfani aliugusisha darini mara moja kuhakikisha, akaufunga kwa gazeti. Demetria alidhani akimpatia mzee kitu chake, jambo litakuwa limefutika, na hatalazimika kusema lolote. Akamwita Avelina aupeleke Chanika.

Avelina akaukunjua, akaupinda, akashangaa.

"Mbona huu ndio hasa! Ulikuwa wapi siku ile? Au huu ndio ulioununua mwanzo, wifi?"

"Upeleke tu."

"Maana huyu Marijani… Manzese vitu hivi vinauzika, ujue."

"Wifi, upeleke, jua linakuwa kali."

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Avelina alikwenda nao Chanika na jibu alilojipa mwenyewe, akalitoa mbele ya Atuganile, na Atuganile akapiga makofi ya mshangao. Kumbe mama mkwe alinunua kizuri tangu mwanzo, kumbe yule mzee wa kanzu ndiye! Mzee Gibson alivua perege watano mchana ule ule. Wawili aliwaleta kwa Demetria kwa mkono wa Lusungu, wamefungwa kwenye jani la mgomba, na salamu kwamba Mwalimu ni mtu wa haki. Demetria akawakaanga. Harufu ikavuka ukuta.

Harusi ilifanyika mwezi wa nane. Marijani alialikwa, akaketi nyuma na watu wa mtaani. Mwaka ule zilitoka posa tatu mtaani kwetu, hakuna hata moja iliyopita mkononi mwake. Asubuhi alitoka na kanzu iliyopigwa pasi, akakaa barazani mpaka saa nne, akarudi ndani. Demetria alimsalimu kila siku juu ya ukuta.

"Shemeji, umeamkaje?"

"Salama, Mwalimu."

Neno shemeji alikuwa ameliacha. Hakulitupa kwa hasira, aliliacha tu, na Demetria alilisikia pengo lake kila asubuhi, akamwagilia maua, akaenda kufundisha.

Mwaka uliofuata, wakati wa masika, walikuja wanawake wawili kutoka Temeke. Aliyesema alikuwa Bi Tunu, mwanamke wa makamo mwenye baibui nzito na macho yasiyodanganyika. Walikuwa wanampelelezea kijana wao. Kijana alikuwa amempenda Raudha, binti wa mwisho wa Marijani, na kabla ya kutoa barua, wakubwa hupita kwa jirani kuulizia nyumba. Ndiyo desturi. Na jirani anayeaminika zaidi mtaani, waliambiwa, ni Mwalimu.

Demetria aliwakaribisha sebuleni, akawapa chai.

"Binti tumempenda," Bi Tunu alisema. "Ana haya, ana mikono ya kazi. Mama yake hana neno. Ila baba, Mwalimu. Tunasikia ana mkono mwepesi. Kwamba alitumwa na watu kwenye heshima yao, akabadilisha kitu. Sie nyumba ya mwizi hatuposi. Na tunasikia aliyetendewa ni wewe. Kwa hiyo tumeona tusisikilize maneno ya njiani, tuje kwa mwenyewe. Utakachosema ndicho tutakachoondoka nacho."

Kupitia dirishani Demetria alimwona Raudha akianika nguo upande wa pili, kanzu ya baba yake ikiwa ya kwanza kambani. Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema yamepita, na hilo lingekuwa sawa na kumwozesha yule binti kwa mlango wa nyuma au kutomwozesha kabisa. Aliweka kikombe chini.

"Marijani hakubadilisha kitu," alisema. "Niliununua mie. Aliniambia ninunue mwembamba, nikanunua wa baharini kwa sababu ulikuwa mpya. Mbele ya wakwe nikasema kachagua yeye. Akanyamaza. Kreti za soda kanibebea mie."

Bi Tunu alisogeza kikombe chake pembeni.

"Na ule wa pili?"

"Wa pili pia niliununua mie. Watu wakasema, nikawaacha waseme."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Na wewe ni mwalimu," Bi Tunu alisema. Hakuuliza, alisema. Akavuta baibui lake, akamwashiria mwenzake, wakainuka. Chai waliiacha nusu. Mlangoni Bi Tunu akageuka. "Ahsante kwa ukweli. Barua italetwa."

Jumamosi ile Demetria alikwenda Chanika peke yake. Aliwakuta Mzee Gibson na Atuganile nje, akasimama, hakukubali kiti mpaka alipomaliza kusema. Atuganile alimwambia maneno mengi, na yote alistahili. Mzee Gibson alisikiliza akiwa na ule ufito wa rangi ya asali mapajani, akiufuta kwa kitambaa.

"Ungesema siku ile, Mwalimu," alisema mwisho. "Ningecheka. Tungecheka wote. Ufito ni kitu gani?"

Kasiani aliposikia alikaa kwenye kiti cha baba yake, akasema, "Mama, Mzee Marijani? Aliyebeba jeneza la baba?" Akaondoka bila kula.

Jioni ile, kabla jua halijazama, Demetria alipita mlango wa mbele wa jirani yake. Raudha akamfungulia, akamwita baba yake, akawaachia chumba. Walikaa humo muda wa kutosha.

Barua ya Temeke ilikuja, na Raudha akaolewa. Alichokisema Demetria mle ndani, alichojibiwa na Marijani, na kama alisamehewa au hakusamehewa, mtaa umekisia vya kutosha. Hajamwambia Kasiani, hajamwambia padri. Ni mambo ya nyumba mbili. Hayatasemwa, na asiulizwe tena.